Haikufika Mapigo Kumi

Wenzake wa kikosi cha kubomoa walimwita Vumbi, kwa sababu jioni akitoka kazini hukuweza kujua kope zake zinaanzia wapi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mkewe alilitumia siku za hasira tu. Alikuwa pande la mtu, shingo kama gogo, na mkono wake ukikutua begani unajiuliza kwanza kama ni salamu au ni kesi. Na kwa kazi aliyoifanya, ndugu zangu, mara nyingi ilikuwa kesi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvunja nyumba za watu. Manispaa ikitaka barabara au kiwanja, hutangulia tangazo, wakafuata askari, na nyuma ya askari akaja Vumbi na wenzake na nyundo zao za mpini mrefu. Wengine walipiga tu popote, kama mtu anayeua nyoka. Vumbi hakuwa hivyo. Kabla ya kuupiga ukuta aliugonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, akanyamaza, kisha akaubandika kiganja chote, paa, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Ukuta ulimjibu. Ulimwambia kama umeshiba simenti au una njaa, na wapi ukiguswa utalala wenyewe. Shida ni kwamba waliokuwa ndani nao waliusikia mlio ule. Watoto wa mitaa ile wakisikia ngo-ngo, kimya, paa, walianza kulia kabla mama zao hawajageuza shingo.

Usidhani alizaliwa na moyo wa jiwe. Alizaliwa kwenye vyumba vya kupanga, mtoto wa mfua nguo, na utoto wake wote ulikuwa wa kuhamishwa. Siku moja mwenye nyumba alimburuta mama yake kwa nywele mpaka barabarani, na sufuria iliyorushwa nyuma yake ikampasua muundi. Mtoto akamrukia yule bwana akamng'ata paja. Alipigwa teke lililomng'oa meno mawili ya mbele, na hayakuota vizuri tena. Pale chini, damu mdomoni, alijifunza kitu kimoja: nyundo ina pande mbili, na heri uwe upande wa mpini. Alipokua akautafuta mpini, akaupata.

Kati ya mitaa yote aliyovunja, ule wa bondeni, penye tangi la maji lililoinama, ndio uliomkalia vibaya. Watu wa pale hawakulia, walipigana. Walimwaga maji ya moto kutoka juu ya mabati. Mwenzake mmoja wa kikosi alipigwa chupa, na jicho likabaki pale pale bondeni. Vumbi mwenyewe alipasuliwa kichwa kwa jiwe akaendelea kupiga nyundo huku damu ikimwingia machoni, maana ukisimama unapigwa la pili. Mlango wa nyumba moja ulikuwa umezibwa na seremala kijana, patasi mkononi. Ndani alikuwemo mama yake, amekataa kutoka. Askari wa kwanza kumsogelea alichomwa patasi ya paja. Ndipo Vumbi akaenda yeye. Aligeuza nyundo, akampiga kijana mkono kwa mpini, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipoona patasi bado haijaanguka, alipiga tena mahali pale pale. Kisha akamruka, akaugonga ukuta kwa kidole mara mbili, akasikiliza.

Mama mtu alitolewa juu juu akiwa amekaa kwenye kiti chake, askari huku na huku, akiwatandika bakora za kichwa njia nzima.

Msiniulize kama Vumbi alilala usingizi siku ile. Alilala, tena alikoroma.

Basi, mpini ulimpa chakula, lakini haukumpa nyumba. Alioa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali kama mkasi wake, wakapata mabinti wawili, na wote wanne wakaendelea kuhamahama. Mwenye nyumba wao wa mwisho alitaka chumba ampe mpwa wake. Hakubishana nao. Alipanda juu akaezua mabati mvua ikinyesha, na vitambaa vya harusi ya watu vikaogelea. Vumbi alimteremsha kwa mguu, akampiga pale kwenye tope mpaka majirani wakamnasua kwa kumkalia mgongoni. Akalala mahabusu. Asubuhi mkewe alimletea shati kavu na akamwambia maneno ambayo hakuwa ameyategemea: "Mkuki kwa nguruwe, baba watoto. Wale unaowavunjia huwa wanalia hivi hivi."

Ni huyo mke aliyesikia habari ya nyumba za serikali, za bei nafuu, kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kumiliki nyumba maishani mwao. Akajiandikisha mwenyewe. Alitaka masharti, akapewa, akayarudia jikoni mpaka mabinti wakayajua. Nyumba hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huruhusiwi kuiuza wala kuipangisha mpaka umalize. Waliobomolewa kupisha mradi wanapewa kwanza, na zinazobaki zinapigiwa kura. Na la mwisho: mtu akipigana na jirani, familia yake nzima inarudisha ufunguo na nyumba inapewa mwingine. Hilo la mwisho mke alilisema akimtazama mumewe mikono.

Kura ikawaangukia. Siku ya kwenda kuonyeshwa, walishuka barabarani pamoja na wenzao, mabinti mbele wakiruka vidimbwi, na Vumbi akaliona tangi la maji lililoegemea upande mmoja kama mlevi ukutani. Akasimama. Maghorofa yalikuwa mapya, yanang'aa rangi ya maziwa, lakini tangi lilikuwa lile lile, na bonde lile lile.

Mkewe alimuuliza mbona kanyamaza. Akajibu kwamba anafurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino.

Hakumwambia. Aliwaza kwamba mji mkubwa, watu wengi, na siku ile alikuwa vumbi tupu, nani angemjua akiwa ameoga. Milima haikutani, wanadamu hukutana. Methali hiyo anaijua kila mtu na kila mtu huamini imetungiwa wengine.

Walihamia mchana, ghorofa ya tatu. Alipandisha cherehani, magodoro na kabati, kofia imefunika mpaka pua, na kwa kila aliyekutana naye kwenye ngazi aliinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Mkewe alikuwa akiimba. Alipokea kitu cha mwisho mlangoni, akamshika mumewe mikono yote miwili, akamwambia kwamba kuanzia leo mikono hii ni ya kula na kusalimia, basi. Vumbi akaapa. Mabinti walishaanza kugombania dirisha.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mimi na wewe tusingelifanya. Mtu mwingine akipata nyumba ya kwanza hufungua bomba, huwasha taa, huzima, huwasha tena. Vumbi alizunguka akigonga kuta. Hakukusudia, ni furaha. Wa chumbani ulikuwa wa kawaida. Wa jikoni ulikuwa na njaa kidogo. Lakini wa sebuleni, ule wanaoshirikiana na jirani, ulikuwa umeshiba, imara, ukuta ambao hakuna mtu angeulaza kirahisi. Aliugonga mara mbili. Akanyamaza. Akabandika kiganja, paa, na machozi yakamlenga, maana mara ya kwanza katika maisha yake ukuta ulimjibu na haukuwa na sababu ya kumwogopa.

Upande wa pili kikombe kilianguka.

Aliyekuwa upande wa pili ni yule mama aliyetolewa juu ya kiti. Jengo zima lilimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amepewa nyumba pamoja na wale waliobomolewa, ufunguo ukiwa kwa jina la mwanawe seremala. Alimwita mwanawe kutoka chumbani, akamwambia kwa sauti ndogo: "Yule mtu yuko ukutani."

Seremala alidhani mama anaanza kuchanganyikiwa na umri. Hata hivyo akatoka, akabisha hodi. Mke wa Vumbi alifungua akitabasamu, sahani ya kukaribishia jirani mkononi, na nyuma yake, katikati ya sebule, kofia haipo, alisimama shingo ile.

Wanaume wale wawili walitazamana. Seremala alikuwa na mkono wa kulia uliopinda chini ya kiwiko kama tawi. Hakupiga kelele. Aligeuka akawaita watu wa ngazi kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayewaita mezani. Mke alihisi shari, akafunga mlango na kusukuma kabati. Haikusaidia. Waliupiga teke, ukapasuka bawabani, kabati likalala, na sebule ikajaa watu.

Walimtoa Vumbi kwa miguu. Kichwa kilihesabu vigae mpaka kwenye kibaraza cha ngazi. Mtu alimkanyaga vidole kwa kisigino, akazungusha. Mwanamke mmoja alimvua kiatu akampiga nacho mdomoni akilitaja kila alilolipoteza siku ile: kitanda, kuku, picha ya mumewe. Vumbi alikuwa amejishika mkanda wa suruali kwa nyuma, mikono yote miwili, kwa nguvu kama mtu anayening'inia. Alijua akiiachia tu, mmoja wa pale angekufa, na mabinti wake wangelala nje.

Ndipo bakora ikagonga sakafu, na Bi Mkubwa akatokea. Watu wakampisha. Alimwinamia yule mtu mkubwa aliyelala kwenye damu yake, akamtazama sana.

"Nina swali moja tu," akasema. "Nyumba yangu uliipiga mara ngapi?"

Sasa sikilizeni kilichopita kichwani mwa Vumbi, maana ndicho kilichomponza. Aliwaza kwamba huyu ni mfiwa. Na mfiwa akiuliza marehemu alikwendaje, humwambii alihangaika mpaka alfajiri. Unamwambia alikwenda upesi. Kwa moyo safi kabisa, kupitia meno yaliyolegea, akamjibu:

"Haikufika mapigo kumi, mama. Haikuteseka."

Bi Mkubwa alikuwa ameijenga nyumba ile na mumewe kwa ujana wao wote, tofali kwa tofali, wakilala na njaa ili wanunue mfuko mmoja. Mapigo hayakufika kumi. Akageuka akarudi ndani.

Seremala alichukua stuli. Aliishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akampiga Vumbi bega mpaka mtulinga ukavunjika na mguu wa stuli ukavunjika nao. Kisha wote wakamrudia. Walimpiga kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, wakimsukuma kwa miguu kama gunia. Mkewe alijirusha juu yake na akapata lake teke la ubavu; aliwatukana kwa pumzi iliyobaki, akiwahesabia nyuso zao. Mlinzi wa chini alipiga filimbi, akapiga na simu. Vumbi alipofika chini jicho moja lilikuwa limefunga duka. Mikono bado ilikuwa nyuma, imeshika mkanda.

Kesho yake alilala kwenye godoro sebuleni, mkono umefungwa kwa kitambaa cha cherehani, uso umevimba mpaka binti mdogo alikataa kuamini ni baba. Habari ilikuwa imefika kwamba afisa wa nyumba anakuja kuchunguza. Mke alikuwa amejiandaa. Alisema atawataja wote, kuanzia seremala, wanyang'anywe funguo siku hiyo hiyo, wakaonje tena mvua. Vumbi akamkumbusha kwamba akinyang'anywa seremala anatoka na mama yake. Mke akajibu kwamba huyo mama naye atoke na bakora yake, na kwamba yeye, Vumbi, angemwambia mapema kuhusu bonde hili wasingekuwa hapa.

Wakiwa katika kusutana, Bi Mkubwa akaingia. Hakubisha hodi, na mlango wenyewe haukuwepo wa kumfungia. Alikalia boksi la nyuzi bila kukaribishwa. Mke alisimama katikati, mkasi mkononi, akamuuliza amekuja kumalizia?

Bibi alimpita kwa macho. Alimwambia Vumbi kwamba tangu jana hajala. Alitaka aambiwe yote, ukuta kwa ukuta, na asidanganywe kwa huruma kama mtoto.

Vumbi akamweleza, polepole, taya likimuuma. Ukuta wa mbele, matatu. Wa ubavuni, mawili, na la pili lilikuwa la ziada. Wa chumbani ulidondoka wenyewe wenzake walipoezua mabati. Lakini kulikuwa na ule wa jikoni, wa nyuma ya meko. Ule aliugonga kwa kidole akajua kuna kazi. Aliupiga mpaka mikono ikafa ganzi. Alimpisha mwenzake, naye akapiga mpaka akatapika. Nyundo moja ilivunjika mpini. Mwishowe waliuacha umesimama peke yake kwenye kiwanja kitupu, wakaita tingatinga, na tingatinga lenyewe lilirudi nyuma mara ya kwanza.

"Ule sikuuhesabu jana," akasema, "kwa sababu ule sikuuvunja mimi. Ulinishinda."

Bi Mkubwa aliinamia bakora yake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mke akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha ndani.

"Ule niliujenga mimi," akasema. "Zile nyingine alijenga marehemu. Nilimwambia, mume wangu, simenti haitoshi. Akasema mwanamke anajua nini."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kicheko kikaisha, na uso wake haukuwa umelainika hata kidogo.

Hapo viatu vikasikika kwenye ngazi. Afisa wa nyumba akaingia, kijana wa heshima, jasho shingoni, nyuma yake mlinzi, na nyuma ya mlinzi kichwa cha seremala kikichungulia, rangi ya majivu. Afisa alitazama bawaba zilizong'oka, akamtazama Vumbi, akakunja uso kwa uchungu wa kweli. Akasema yeye hakuja kubembeleza. Sharti ni sharti. Aambiwe nani kafanya hivi.

Mke alifungua mdomo.

"Mimi," akasema Bi Mkubwa.

Afisa alimtazama bibi, akatazama shingo ya Vumbi, akashusha pumzi. "Bibi, tafadhali."

"Nimekwambia mimi. Unadhani siwezi? Waulize askari walionibeba."

"Basi kama ni wewe, sharti litawagusa ninyi nyumba nzima. Wewe na mwanao. Unalielewa hilo, bibi?"

Alilielewa. Kidevu kilikuwa juu, na kule mlangoni seremala akasogea mbele aseme ukweli. Vumbi akawahi. Alijiinua kwa mkono mmoja, akaketi, ubavu ukimlilia.

"Afisa, huyu ni mama yangu," akasema. "Mama akimpiga mwanawe, nayo ni ugomvi wa majirani?"

Afisa akamuuliza mama yake tangu lini. Vumbi akajibu kwamba tangu jana. Afisa akamgeukia bibi, akamuuliza kama ni kweli huyu ni mwanawe.

Bi Mkubwa alimtazama Vumbi kwa muda mrefu. Hayakuwa macho ya mama. Yalikuwa macho ya mtu anayepima mbao.

"Kama ni mwanangu," akasema, "inama."

Vumbi akainama, palepale kwenye godoro, mbele ya mkewe na mabinti zake. Bibi alisimama, akapanga miguu, akainua bakora kwa mikono miwili. Alipiga kwa mikono miwili ile ile iliyojenga jiko. Bakora ilitua karibu na mfupa uliovunjika. Vumbi alilia kwa sauti, sauti ya kweli, na binti mkubwa akajificha nyuma ya cherehani. Mlinzi alifumba macho.

"Afisa," akasema bibi, akihema, "rudi ofisini. Haya ni malezi."

Afisa aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akasubiri kama kuna mwenye neno. Mke wa Vumbi alikuwa nalo, limemjaa mdomoni. Alimtazama mumewe aliyeinama, mkono mmoja umeshika godoro na mwingine umefungwa kifuani, akalimeza. Afisa akashuka.

Nisiwadanganye kwamba walipendana. Kila asubuhi Vumbi akishuka ngazi kwenda kazini, siku hizi kwa mkandarasi wa kujenga, si wa kubomoa, bibi humngoja mlangoni kwake. Yeye hutoa shikamoo, bibi huitikia marahaba, na bakora humtua mgongoni, siku nyingine kwa mazoea tu, siku nyingine kwa nguvu ya kutoa alama. Mkewe hudai ni wazimu. Lakini hapangi tena popote, na cherehani iko dirishani.

Na seremala hajampa salamu mpaka leo. Ila jioni ya siku ile aliyoondoka afisa, alikuja na randa, mbao na bawaba mpya. Alikaa kizingitini kwa Vumbi akapachika mlango kwa mkono wake wa kushoto, ule wa kulia ukishikilia tu. Mke wa Vumbi alimletea maji, seremala akayaacha palepale. Muda wote alikuwa amejaza misumari mdomoni, hata ile asiyoihitaji, ili mtu asije akategemea aseme neno.